Kuchagua siklidi wanaoweza kuishi pamoja katika tangi kubwa: tuanze na wa Ziwa Tanganyika

Wanajukwaa, habari zenu.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wafugaji wa samaki wa mapambo ambao tayari wana tangi kubwa la kioo, au wanakaribia kulitengenezesha, na wanataka kuweka siklidi ndani yake. Nimeona mara nyingi jinsi samaki hawa wanavyonunuliwa: mmoja wa njano, wawili wa buluu, mmoja mwenye milia, wote wanatiwa majini siku moja, na baada ya majuma machache anabaki dume mmoja anayetawala tangi zima huku wenzake wamejibanza kwenye pembe za juu, karibu na hita, mapezi yakiwa yametafunwa. Hapo ndipo husemwa kwamba siklidi hawafugiki. Kauli hiyo inawaonea. Siklidi ni mlinzi wa eneo lake la kula na la kuzalia, na mwenye tangi anapowafungia pamoja walinzi watano wanaotaka eneo la aina moja, ugomvi ameununua yeye mwenyewe pamoja na samaki.

Kwa maoni yangu, kazi ya kuchagua huanza kwa kugawa nafasi. Kabla ya kuuliza ni samaki gani anayependeza, tujiulize kila mmoja huishi sehemu gani ya ziwa, huzaa kwa njia gani, na hula nini. Katika maswali mawili ya kwanza tunatafuta tofauti: anayeishi kwenye mwamba na anayeishi juu ya mchanga hawana cha kugombania, na anayetaga pangoni hamwonei wivu anayebeba mayai kinywani. Katika swali la tatu tunatafuta mapatano, kwa sababu maji ni mamoja na chakula kikishamwagwa kila mwenye kinywa atakila, kiwe kinamfaa au kinamdhuru.

Nimelichagua Ziwa Tanganyika kwa sababu hakuna mahali ambapo mgawanyo huu unaonekana wazi zaidi. Ziwa hili, ambalo Tanzania inagawana na Kongo, Burundi na Zambia, lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, na lina aina zaidi ya 200 za siklidi ambao karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Mtu wa Kigoma anapokula kuhe, au wa Mwanza anapokula sato, anakula siklidi. Ni ukoo tuliouzoea kwenye sahani kuliko kwenye kioo. Kuhe hupita nusu mita, ilhali katika ziwa hilohilo yupo Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lake kwa kawaida halizidi sentimita 5 na maisha yake yote huyamalizia kandokando ya ganda tupu la konokono.

Tangi ninalolizungumzia lina urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 60. Kwa hesabu hilo ni lita 648, lakini mawe na mchanga vikishaingia hubaki lita kama 550. Pamoja na kioo, mawe na stendi, uzito wote hukaribia tani moja, kwa hiyo liwekwe juu ya sakafu ya zege iliyo sawa, ikiwezekana nyumba ya chini. Anayetengenezesha tangi jipya na ana uwezo wa kuongeza kipimo kimoja tu, aongeze urefu au upana, asiongeze kimo. Samaki hawa hugawana sakafu na kuta za mwamba, na tangi refu kwenda juu lenye sakafu finyu lina lita nyingi zisizokuwa na faida kwao.

Nafasi ya kwanza ni maji ya wazi ya juu na kati. Hapa ninamweka Cyprichromis leptosoma, samaki mwembamba wa sentimita 10 hadi 12 anayeishi kwa makundi makubwa na kula vijidudu vinavyoelea. Wasipungue 12, na majike wawe wengi kuliko madume. Wakiwa watatu au wanne hujificha na kupauka, lakini wakiwa kundi madume hutandaza mapezi, kila mmoja akishika kipande chake cha maji, na rangi ya buluu na njano huonekana kama inavyostahili. Jike hutaga yai moja moja majini, hugeuka haraka na kulidaka linapozama, kisha hubeba mayai yake machache kinywani kwa muda wa majuma kama matatu. Yeye hahitaji pango wala shimo, na ndiyo maana hawagombani na wakaaji wa chini. Lazima tangi liwe na kifuniko kisichoacha mwanya, kwa sababu samaki huyu akishtuka huruka.

Nafasi ya pili ni mwamba. Upande mmoja wa tangi yapangwe mawe mpaka karibu na uso wa maji, yakiacha nyufa nyingi nyembamba, na humo wakae Julidochromis wa aina moja tu. Nasisitiza aina moja, kwa sababu aina mbili ama zitauana ama zitazaliana na kutoa machotara wasiojulikana ni nani. Njia bora ni kununua wadogo sita na kuwaacha wachaguane wenyewe. Wawili wakishaoana, wengine waondolewe kabla hawajajeruhiwa. Kwa Julidochromis marlieri jike ndiye mkubwa kuliko dume, kwa hiyo anayetaka kupanga jozi kwa kutazama ukubwa ajihadhari. Wakishaoana nao wasisumbuliwe kwa kupangua mawe yao, maana jozi iliyokaa kwa amani miaka miwili inaweza kuvunjika kwa vurugu ya mapango tu, na mmoja akamuua mwenzake.

Upande wa pili pawe na rundo la mawe la chini zaidi, lenye nyufa za kusimama wima na maganda mawili matatu makubwa ya konokono wa baharini, kwa ajili ya Altolamprologus calvus au nduguye Altolamprologus compressiceps, tena mmoja kati yao, si wote. Huyu ni samaki bapa kupita kiasi, aliyeumbwa kupenya kwenye ufa na kunyonya humo uduvi na vifaranga vya wengine. Hukua polepole sana, na asiyekuwa na subira asimnunue. Anapokabiliwa na mkali hakimbii mbio; huinama na kumgeuzia adui ubavu wenye magamba magumu, mapezi yake ya miiba yakiwa yamesimama, na mara nyingi adui huacha. Wanne au watano walionunuliwa wadogo hukaa vizuri, mradi kila mmoja apate ufa wake.

Katikati, baina ya milima hiyo miwili, mchanga uachwe wazi. Hapo ndipo kijiji cha multifasciatus: wanane au kumi kwa kuanzia, na maganda yasiyopungua 25. Ziwani hutumia maganda ya konokono aitwaye Neothauma tanganyicense, ambayo katika sehemu nyingine yametanda chini kwa wingi kabisa. Nyumbani maganda ya konokono yeyote yenye mdomo wa kumtosha yanafaa, yakichemshwa kwanza. Ukiyamwaga maganda hayo ovyo juu ya mchanga, wenyewe watayapanga. Samaki wa urefu wa kidole gumba hujaza mchanga kinywani, huenda kuutema pembeni, hurudi, na kwa siku chache ganda linakuwa limezama mpaka mdomo wake uko sawa na sakafu. Mchanga uwe laini na kina chake kifike sentimita 5 au zaidi. Vifaranga hukulia mlemle kijijini bila kufukuzwa na wazazi, na Altolamprologus huwapunguza wanapotangatanga mbali, jambo ambalo kwa tangi la kudumu ni msaada.

Mawe yawekwe juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa. Samaki wa kuchimba wakiondoa mchanga chini ya jiwe lililokaa juu yake, jiwe litaanguka, na kioo hakisamehi.

Kundi hili lote linakula chakula kimoja: punje ndogo zenye protini ya kiasi, pamoja na vijidudu na uduvi waliogandishwa. Ndiyo sababu Tropheus simweki humu, ingawa nampenda kuliko wote. Tropheus duboisi akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota, na akikua madoa hupotea, kichwa huwa cha buluu na kiunoni hujitokeza mkanda mweupe au wa njano. Yeye hukwangua mwani juu ya mawe kutwa nzima na utumbo wake ni mrefu sana. Akishiba chakula cha uduvi siku baada ya siku hupatwa na ugonjwa wa kuvimba tumbo, huacha kula, hutoa kinyesi cheupe cha uzi, na mara nyingi hafiki juma la pili. Tena ukali wake kwa wenzake hutulia tu wanapokuwa 15 au 20, ili dume mkubwa asipate mmoja wa kumwandama. Anayemtaka Tropheus ampe tangi lake mwenyewe, lenye mawe mengi, mwanga wa kutosha kuotesha mwani, na chakula cha spirulina, yaani cha mwani uliokaushwa. Eretmodus cyanostictus, yule mdogo wa kwenye mawimbi ya ufukweni ambaye jike na dume hupokezana kubeba mayai kinywani, anaweza kuwa mwenzake, kwa kuwa wote wawili ni wakwanguaji wa mwani na wote hutaka maji yenye hewa nyingi.

Mwingine ninayemwacha nje ni Neolamprologus brichardi, aliyepewa jina na mtaalamu wa samaki Max Poll mwaka 1974. Uzuri wake haupingiki, na jinsi watoto wake wakubwa wanavyosaidia kulinda na kuwatunza wadogo zao waliozaliwa baadaye ni jambo la kutazamwa kwa heshima. Lakini jozi moja ikizaa mara tatu nne, ukoo mzima hushikana dhidi ya kila asiyekuwa wao, na tangi la sentimita 180 linakuwa lao peke yao. Kwa anayetaka aina moja tu ya samaki, sijui chaguo zuri kuliko hili.

Kuhusu maji nitasema machache. Maji ya ziwa hili ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake, kipimo cha uasidi, iko karibu na 9. Katika tangi, kati ya 8 na 9 inatosha, na joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Utulivu ni bora kuliko kuikimbiza namba. Mchanga wenye chokaa na mawe ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu, yale ya kujengea huku Pwani, husaidia kuishikilia pH. Ya baharini tuyaache baharini. Jambo linalosahauliwa ni kwamba pH inapokuwa juu, sehemu kubwa zaidi ya amonia, ile inayotokana na uchafu wa samaki, huwa katika hali ya sumu. Kiasi ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kinaweza kumuua siklidi wa Tanganyika. Kwa hiyo tangi liendeshwe na filta yake kwa majuma manne hadi sita, likilishwa chanzo cha amonia ili bakteria wa kuivunja wazaliane, mpaka vipimo vya amonia na nitriti vyote visome sifuri, ndipo samaki waingie.

Mdau wa Kigoma ameuliza: "Mkuu, mbona frontosa hukumtaja kabisa? Wa kwetu ana milia saba na ndiye anayesakwa na wageni."

Ndugu yangu, sikumtaja kwa sababu anastahili kupewa nafasi ya kwanza au asiwepo. Cyphotilapia frontosa hupita sentimita 30, huishi miaka zaidi ya 20 akitunzwa, na ziwani hukaa kwenye mwamba wa chini zaidi, ambako mwanga ni hafifu. Kwa macho ni mpole, haendi mbio, haoneshi hasira. Lakini katika ziwa Cyprichromis ni sehemu ya mlo wake: huwafuata katika giza la alfajiri wakiwa bado wazito. Mtu akiwaweka pamoja ataona amani mchana kutwa, na kila asubuhi atahesabu kundi limepungua, bila kuona tone la damu. Ukimtaka yeye, liache tangi zima lijengwe kwa ajili yake: dume mmoja na majike wanne au watano, mapango makubwa, taa hafifu, na wenzake wawe wakubwa wasiomezeka. Wa milia saba wa Kigoma asichanganywe na wa Burundi wala na Cyphotilapia gibberosa wa kusini. Samaki hawa wa ziwa hutofautiana ufuko kwa ufuko, na tukishawachanganya katika matangi yetu hatutaweza kuwatenganisha tena.

Mdau wa Kyela ameuliza: "Sisi tuna mbuna wa Ziwa Nyasa hapa karibu, nao maji yao ni ya pH ya juu. Kwa nini tusiwachanganye na hao wa Tanganyika?"

Maji yanakubali, tabia inakataa. Mbuna, siklidi wa mwambani wa Nyasa, ni samaki wa mbio na msongamano. Hula haraka, hufukuzana mchana kutwa, na mfugaji hutuliza ukali wao kwa kuwaweka wengi ili hasira igawanyike. Altolamprologus mbele ya vurugu hiyo atakaa ufani mpaka akonde. Tena mbuna wengi ni walaji mwani, kwa hiyo tunarudi kwenye tatizo la chakula. Tangi la Nyasa lisimame lenyewe, na linaweza kuwa zuri sana: Labidochromis caeruleus wa njano, ambaye ni mpole kwa kipimo cha mbuna, pamoja na aina mbili tatu zisizofanana naye rangi wala umbo. Kutofanana huko kuna uzito, kwa sababu dume humwona mwenye rangi kama yake kuwa ndiye mshindani. Melanochromis auratus asiingie humo, kwani dume lake likishakomaa ni taabu. Anayependa Aulonocara, siklidi wengine wa Nyasa, aweke madume tu, au aina moja na majike yake, kwa kuwa majike wa aina mbalimbali hufanana mno na machotara hutokea bila mtu kujua.

Mwingine ameuliza kuhusu oscar na malaika, ambao ndio wanaopatikana kwa urahisi madukani. Hao ni siklidi wa Amerika Kusini, wa maji laini yenye pH ya chini. Malaika atamezwa na oscar akiwa mdogo, na wote wawili hawana nafasi katika maji niliyoyaeleza. Mwenye oscar amjengee tangi la oscar.

Mdau wa Dar es Salaam ameuliza kuhusu joto la Januari na Februari, na kuhusu umeme kukatika.

Joto la maji likifika nyuzi 29 au 30, hewa iliyoyeyuka hupungua, na samaki wa Tanganyika huumia mapema kuliko wengi. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili hivi kwa mvuke unaoondoka, lakini hapo kifuniko cha kioo kibadilishwe kiwe cha wavu, ili Cyprichromis wasiruke. Maji yaliyopotea yajazwe kila siku. Umeme ukikatika, cha kwanza kuokolewa ni hewa: pampu ya hewa ya betri iwe imechajiwa na iko karibu. Samaki wasilishwe mpaka umeme urudi. Filta ya ndoo iliyofungwa, ikiwa imesimama saa nyingi, isiwashwe moja kwa moja. Bakteria wake wanaweza kuwa wamekufa na uchafu wake ukaingia wote tangini. Ifunguliwe, isuuzwe kwa maji ya tangi, ndipo iwashwe. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla ya kutumika, na anayetumia kisima apime chumvi kwanza, maana visima vya huku havifanani hata kwa majirani.

Swali la mwisho hadi sasa ni la mpangilio wa kuingiza samaki, na naona lilipaswa kuwa mapema. Waingie kwanza wasiokuwa na eneo la kulinda, yaani Cyprichromis, kundi zima kwa pamoja, baada ya kukaa karantini majuma matatu au manne katika tangi dogo. Mwezi mmoja baadaye waingie multifasciatus na Altolamprologus. Julidochromis wawe wa mwisho, kwa sababu wakitangulia watahesabu mwamba, mchanga na maganda yote kuwa mali yao. Baada ya kila kundi kuingia, amonia na nitriti zipimwe kila siku kwa juma moja, na maji yabadilishwe robo au theluthi kila wiki, yakiwa na joto na pH inayokaribiana na ya tangini. Anayetaka kusafisha sakafu aongeze ngogo wadogo watano wa aina ya Synodontis lucipinnis. Synodontis multipunctatus asinunuliwe kwa kazi hiyo: yeye hupenyeza mayai yake katikati ya mayai ya siklidi wanaobeba kinywani, makinda yake huanguliwa mapema na kuyala mayai ya mwenye kinywa, na huenda siklidi wako wakajikuta wakilea watoto wa ngogo.

Wenye orodha zao tayari waziweke hapa, wakitaja vipimo vya tangi, pH ya maji yao na ukubwa wa samaki walio nao, ili tuzijadili moja baada ya nyingine.